Jinsi Ardhi ya Kibera na Kawangware Ilivyofanyika

Mtu aendaye kwa miguu kutoka Kawangware mpaka Kibera hupanda na kushuka mara nyingi. Hupita juu ya mgongo wa ardhi, akateremka bondeni penye kijito, kisha akapanda tena. Wengi hudhani kwamba nchi imekuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia, lakini wataalamu wa sura ya nchi wasema sivyo. Kila mgongo na kila bonde lina chanzo chake na umri wake. Yafaa wakaao humo wazijue habari hizo, maana zahusu usalama wa nyumba zao na watoto wao.

MAWE YALIYOTOKA MOTONI

Kwanza wataalamu hutazama mawe. Chini ya Nairobi mna matabaka ya mawe magumu ambayo zamani yalikuwa uji wa moto, uliotoka ardhini upande wa Bonde la Ufa ukatiririka kuelekea mashariki. Tabaka moja laitwa fonoliti ya Nairobi, na umri wake ni miaka milioni 5 hivi. Maana ya fonoliti ni jiwe litoalo sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa kwa nyundo hulia. Juu yake liko jiwe liitwalo trakiti, lenye umri wa miaka zaidi ya milioni 3. Tena yako majivu ya milima ya moto yaliyoshindiliwa hata yakawa mawe, nayo yameitwa kwa jina la bonde la Kirichwa, liliko kati ya Kawangware na mjini. Mawe ya namna hii huchongeka kwa urahisi, na nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwayo.

Je, umri wa jiwe wajulikanaje? Ndani ya mawe mengi mna potasi, na sehemu ndogo ya potasi hiyo hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo argoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, hewa hiyo hutoroka. Likiisha kuganda, hewa hunaswa ndani yake na kuzidi mwaka hata mwaka. Ni kama mtungi uwekwao chini ya paa livujalo: ukijua maji hudondoka kwa kasi gani, kisha ukapima yaliyomo mtungini, waweza kujua umewekwa hapo tangu lini. Wataalamu hupima potasi na argoni iliyomo katika jiwe, wakapata hesabu ya miaka.

VILIMA VYA NGONG

Mtu asimamaye Kibera akitazama magharibi huviona vilima vya Ngong. Hivyo ni mabaki ya mlima mkubwa wa moto. Upande wake wa magharibi ulikatika na kudidimia katika Bonde la Ufa, ukabaki upande wa mashariki peke yake.

Mwingereza J. W. Gregory alilichungua bonde hilo mwaka 1893, akarudi tena mwaka 1919. Alilinganisha mawe ya kuta zake, akatambua kwamba halikuchimbwa na mto, bali ardhi ya katikati ilishuka baina ya nyufa ndefu zilizokwenda sambamba. Siku hizi vyombo vipokeavyo ishara za setilaiti vyaonyesha kwamba pande mbili za bonde zaendelea kuachana, milimeta chache tu kila mwaka.

Hata hivyo si kila ufa uonekanao ni Afrika inayopasuka. Mwezi wa Machi 1918 ulikuwa bado haujaona barabara za leo. Lakini Machi 2018 mvua kubwa ilifumbua shimo refu karibu na Suswa, likaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Watu wengi waliingiwa na hofu. Wataalamu waliofika hapo waliona majivu laini ya zamani katika kingo zake, na wengi wao wakaeleza kwamba maji ya mvua ndiyo yaliyoyachukua majivu hayo.

MAJI YACHONGAYO NCHI

Limuru iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 2,200, na katikati ya Nairobi ni meta 1,660 hivi. Kwa sababu ya mteremko huo mito hushuka kuelekea mashariki, kila mmoja ukijichimbia bonde lake, na baina ya bonde na bonde hubaki mgongo. Mto wa Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, ukapita upande wa Kawangware. Motoine hupita Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi, nao utokapo hapo huitwa mto wa Ngong. Maji hayo huishia katika mto Athi, ambao ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Basi tope jekundu lionekanalo baharini karibu na Malindi hutoka katika nchi za bara kama hizi zetu.

Udongo nao una habari zake. Penye mteremko, maji hupenya na kwenda zake, na jiwe lililooza hugeuka udongo mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo. Penye tambarare, kama Embakasi, maji hutuama, na udongo huwa mweusi, wenye kuvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Kwa hiyo mjenzi mwenye busara huuchunguza udongo kabla ya kuchimba msingi.

BONDE NI LA MTO

Sasa tufikie jambo kubwa. Kando ya vijito vyetu pana mahali bapa, pazuri kwa macho ya mtu atafutaye kiwanja. Wataalamu wakichimba hapo hukuta tope na mchanga, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka ni tope la mafuriko yaliyopita. Maana yake ni kwamba mahali hapo pametengenezwa na mto wenyewe, nao hupajia tena mvua izidipo. Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo.

Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ni ushahidi mwingine. Kwa miaka mingi lilipokea tope na taka za mtoni, hata sehemu kubwa ikajaa na kufunikwa na magugu. Taka zitupwazo kijitoni nazo hupunguza njia ya maji, na maji yakosapo njia hupanda majumbani.

Mvua za Machi mpaka Mei 2024 zilidhihirisha hayo. Watu walikufa Nairobi na nyumba zikachukuliwa na maji. Serikali ikaamuru wakaao chini ya meta 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Hatusemi kwamba waliojenga hapo walikuwa wajinga. Wengi walifuata kodi wanayoiweza na mahali palipo karibu na kazi. Lakini mtu ahamishwaye bila kuonyeshwa pa kwenda hurudi kule kule bondeni, na mvua ikija humkuta.

Kwa hiyo elimu hii isikae katika vitabu vya wataalamu tu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walipita njia zao wakiwa na vyombo vya kupimia, wakaitengeneza ramani ya mtaa wao katika kazi iitwayo Map Kibera. Vivyo hivyo wenyeji waweza kutia alama mahali maji yalipofika kila mwaka, na kuwauliza wazee mto ulipita wapi zamani. Mpangaji naye, kabla ya kulipa kodi, na atazame ukuta: mstari wa tope ulioachwa na mafuriko humwambia maji yalifika wapi, na yaweza kufika wapi tena.