Kijana Mnyanyua Vyuma Aliyetoweka Japani

Sisi wa Gatuanyaga twamjua sana mtu awezaye kubeba gunia la mahindi la kilo 90 kutoka ghalani hadi kwenye lori pasipo kupumzika. Twamsifu, na jioni twampa ujira wake. Lakini wako watu wengine ambao nguvu zao hupimwa kwa sheria za dunia nzima, nao jioni mara nyingi hawana wa kuwalipa. Mmoja wao ni Julius Ssekitoleko, kijana wa Uganda.

Mchezo wake una namna mbili za kunyanyua. Kwanza, chuma huinuliwa kwa mvuto mmoja kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa, mikono ikiwa imenyooka. Pili, hufikishwa mabegani kwanza, kisha husukumwa juu. Mshindani hupewa nafasi tatu kwa kila namna, na uzito mkubwa aliouweza katika kila moja hujumlishwa. Wengi wetu twadhani huu ni mchezo wa majitu, kumbe watu hupangwa kwa uzito wa miili yao, hata mwembamba aweza kuwa bingwa. Mwaka 2018 Ssekitoleko alipokwenda Gold Coast, Australia, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishindana katika kundi la kilo 56. Gunia letu lamzidi kwa mbali!

Tarehe 19 Juni 2021 alifika Japani pamoja na ujumbe wa Uganda wa watu tisa, kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyokuwa imeahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya korona. Mji wa Izumisano, karibu na Osaka, ndio uliowapokea. Wawili wa ujumbe huo walipatikana na ugonjwa, na wenzao wakakaa siku nyingi katika karantini. Wakati huo wote Ssekitoleko alikuwa akitumaini. Lakini kila kundi la wanyanyuaji lilikuwa na nafasi 14 tu kwa ulimwengu mzima, nazo zilifuata alama walizozipata katika mashindano yaliyotangulia. Jina lake halikuwamo, akaambiwa atarudi kwao.

Tarehe 16 Julai akatoweka hotelini. Aliacha barua kwamba maisha ya Uganda ni magumu, kwamba ataka kufanya kazi Japani, na kwamba vitu vyake apelekewe mkewe. Alikata tikiti ya treni iendayo kasi hadi Nagoya. Siku ya nne polisi wakamwona Yokkaichi, akiwa salama.

Wako waliosema kwamba aliiaibisha nchi yake. Sina nia ya kutetea uvunjaji wa ahadi kwa wenyeji wake, wala mimi karani nipatae mshahara kila mwisho wa mwezi si mtu wa kumhukumu. Mkulima akikosa mvua hubaki na shamba lake. Kijana huyu wa miaka 20 alikuwa na mabega yake tu, na barua ile haikutaja nishani hata kidogo, ilitaja kazi.

Alifika Entebbe tarehe 23 Julai, siku ile ile michezo ilipofunguliwa Tokyo. Polisi walimpokea, wakamzuia kwa siku chache, kisha wakamwachilia.