Mlima Huanzia Wapi?

Nchi kavu ya dunia ni moja, lakini wataalamu walioketi kuipima ili wajue ni sehemu gani yake iliyo milima wametoka na majibu yaliyoachana sana: wengine wamesema kiasi cha asilimia 12, wengine asilimia 24, na wengine wamevuka asilimia 30. Hakuna aliyekosea hesabu. Tofauti yote ilizaliwa kabla hesabu haijaanza, pale kila kundi lilipokata shauri ni kitu gani kistahilicho kuitwa mlima. Na ye yote asomaye kwamba milima ya dunia inahifadhi kadha wa kadha ya wanyama, mimea au maji hana budi kuuliza kwanza habari hiyo imepimwa kwa kipimo cha nani.

Kwa muda mrefu hakimu alikuwa kimo. Mtafiti Alexander von Humboldt, aliyejaribu kuupanda mlima Chimborazo mwaka 1802 asifike kileleni, alichapisha mwaka 1807 picha ya mlima huo ukiwa umepasuliwa ubavu, na majina ya mimea yameandikwa kila moja mahali pake kwa kadiri ya urefu kutoka usawa wa bahari. Fikira hiyo haijafa. Mwaka 2000 kituo cha Umoja wa Mataifa kilichoko Cambridge kilitoa kanuni iliyotumiwa sana baadaye: ardhi yote iliyopita mita 2,500 ni mlima bila ya swali, na iliyo chini ya hapo huhojiwa zaidi, mteremko wake ni mkali kiasi gani, na je, katika duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 7 inapanda na kushuka zaidi ya mita 300? Kanuni ni nzuri, walakini ina mlango wa nyuma. Uwanda wa juu wa Tibet, ambao mahali pengi mtu aweza kwenda mwendo wa siku nzima bila ya kupanda kilima cha kutaja, huingia wote; na maua ya uwanda wa Kitulo nchini Tanzania, mahali watu wapaitapo Bustani ya Mungu, huhesabiwa kuwa ya mlimani hata pale nyasi zilipolala sawa kama mkeka.

Mtafiti Christian Körner na wenziwe walipendekeza mwaka 2011 kwamba kimo kiachwe, na badala yake kupanda na kushuka kwa ardhi ndiko kupimwe. Namna yake ni hii. Ramani ya dunia hukatwa vipande vya mraba, kila upande ukiwa dakika mbili na nusu za daraja, yaani kilomita 4.6 hivi karibu na Ikweta. Ndani ya kipande huchukuliwa nukta tisa ambazo kimo chake kinajulikana. Ya chini kabisa hutolewa katika ya juu kabisa, na baki ikizidi mita 200, kipande hicho ni mlima. Isipozidi, si mlima, hata kama mawingu yanapita chini yake. Tuchukue ukingo wa Usambara Magharibi. Mombo pako kiasi cha mita 400, Lushoto kiasi cha mita 1,400, na gari lipitalo Soni hupanda tofauti hiyo yote kwa kilomita 30 na kitu za kona. Vipande viangukavyo juu ya genge hilo hupita mtihani pasipo shaka, na vile vya mbuga ya Mkomazi chini yake hushindwa. Lau kimo cha mita 2,500 kingekuwa hakimu peke yake, Usambara yote ingefutwa katika ramani.

Kazi ya kukusanya vimo vya dunia nzima isingewezekana kwa mtu na darubini yake. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada iliyoona ardhi hata penye mawingu, nayo milima aghalabu hujifunika mawingu.

Hata hivyo mimi sikubali kwamba mraba umemaliza shauri. Mraba humtoa mlimani mkulima wa bonde pana lililozungukwa na vilele pande zote, ilhali maji yake, baridi yake na maradhi ya mazao yake ni ya mlimani. Tena mraba haujui jina wala ukoo. Kwa sababu hiyo naona faida kubwa zaidi imo katika orodha ya safu za milima ya dunia iliyotolewa mwaka 2022 na mtandao wa watafiti wa uhai wa milimani, yenye zaidi ya majina 8,000, kila jina likiwa na mpaka wake uliochorwa na kila safu ndogo ikiwekwa ndani ya safu kubwa, ngazi kwa ngazi.

Haja ya ngazi hizo huonekana ukisimama Mwanga. Upande mmoja ni Pare, upande wa pili Kilimanjaro, na mchoraji afuataye umbo peke yake angeweza kuvifunga pamoja kwa kuwa vimekaribiana. Lakini Kilimanjaro ni volkeno ambayo mawe yake hayajatimiza miaka milioni 3, na Pare ni kipande cha Tao la Mashariki, miamba mikongwe yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, iliyotawanyika mbali mbali kutoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa na kunyeshewa na pepo za Bahari ya Hindi. Ua la urujuani wa Usambara, lililopewa jina la kitaalamu mwaka 1893 na ambalo leo hupambia madirisha ya Ulaya, lina jamaa zake Taita, Nguru na Uluguru, kwa kufuata ukoo huo wa misitu na si kwa kufuata ujirani. Mtafiti wa barafu ataichukua Kilimanjaro pamoja na Mlima Kenya na Rwenzori; mtafiti wa misitu ataivuka mipaka ya serikali na kuihesabu Taita pamoja na Pare; na orodha iliyopangwa kwa ngazi huwaruhusu wote wawili, mradi kila mmoja aandike wazi, katika ukurasa wa kwanza wa taarifa yake, ni ngazi gani aliyoikata.