Kiraka kimerudi kwa heshima



Siku hizi mjini Kalemie tunaona vijana wetu wakivaa makoti yaliyoshonwa miraba-miraba, yenye pamba ndani, hata saa sita ya mchana wakati jua linachoma. Yanatoka katika baloti za tombola. Pamoja nayo kuna mashati na sketi za viraka vya rangi nyingi. Mama wengi wanatuuliza: modi hii imetoka wapi, na sisi inatuhusu nini?

Nguo ya namna hii ina tabaka tatu. La juu ni la uzuri, la katikati ni la joto, la chini linagusa mwili. Uzi unapita katika tabaka zote tatu ili pamba isikusanyike pahali pamoja. Wazungu wa nchi za baridi waliishona tangu zamani. Mwaka 1940 Eddie Bauer, mfanyabiashara wa Marekani, alipata hati ya kulinda koti lake la manyoya ya bata. Mwaka 1965, huko Uingereza, kulitokea koti jepesi la miraba lililoitwa Husky, likapendwa na matajiri wa mashambani. Na mwaka 2021, mwimbaji A$AP Rocky aliingia katika sherehe kubwa ya mavazi ya Met Gala, New York, akiwa amejifunika blanketi la viraka. Tangu hapo vijana wengi wakazidi kupenda viraka.

Lakini viraka havikuanza kwa waimbaji. Kule Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, walikuwa wakichukua suruali za shamba zilizochakaa na kuzishona kuwa mablanketi, watoto wasife baridi. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu ile waliunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, wakaanza kuuza kazi ya mikono yao. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa ukutani katika jumba la Whitney, New York, kama picha za wasanii wakubwa.

Hata hapa Kongo kazi hii ni yetu. Wakuba wa Kasai wanafuma nguo za rafia. Wanaume wanafuma, kisha nguo inapondwa ili ilainike. Kwa kupondwa inatoboka, na inasemekana viraka vya kuziba matundu yale ndivyo vilivyogeuka kuwa mapambo. Ubaya wa nguo ukawa uzuri wake. Na sisi wa Kalemie tulikuwa na kiwanda cha Filtisaf, kilichosokota na kufuma pamba hapa hapa kando ya ziwa. Uzi si mgeni kwetu.

Kwa nini tunaandika haya? Sisi walimu tunaona jambo moja linalotuuma. Kuna mtoto anayekataa kuja shuleni kwa sababu suruali yake ya bluu ina kiraka gotini na wenzake wanamcheka. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini aibu inaweza kumfungia mtoto nyumbani kama vile deni lilivyomfungia zamani. Tena mtoto yule yule anatamani koti la viraka la tombola! Basi tumwambie ukweli: kiraka kilichoshonwa vizuri ni ufundi, na anayekicheka hajui kushona.

Tena mafundi wetu wanafagia kila jioni mabaki ya vikwembe na kuyatupa. Tuyaombe. Kwa kizibao cha mtoto kisicho na mikono, tufanye hivi:

Kwanza, tufue vipande vyote, kwa maana kitambaa kipya hujikunja na kutoa rangi. Pili, tuunge vipande mpaka vitoshe kifua na mgongo. Tatu, katikati tuweke kipande cha blanketi la zamani au shuka. Huku kwetu pamba nene haihitajiki, ila kwa wale wa milima ya Marungu, ambako asubuhi za kiangazi ni baridi kweli. Nne, tushikize tabaka kwa mishono mirefu, tukianzia katikati kwenda pembeni, la sivyo nguo itakunjamana. Tano, tupitishe mistari ya mashini au ya mkono, tukiacha vidole viwili kati ya mstari na mstari. Mwisho tuzungushie ukingo kwa utepe wa kikwembe.

Onyo moja kwa mama wenye watoto wachanga: mtoto mwenye homa asifunikwe nguo nene. Tumpunguzie nguo, tumpeleke haraka kituo cha afya.

Na kwa vikundi vinavyotaka kuuza: tuhesabu uzi, vifungo, mafuta ya mashini, na pia siku za kazi. Mama akishona siku tatu halafu akauza kwa bei ya uzi peke yake, ametoa siku zake tatu bure. Mnunuzi anayesema “lakini ni viraka tu” tumuonyeshe mishono, aihesabu mwenyewe. Bei ikubaliwe na kikundi kizima, mmoja asishushe ya mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mkutano ujao, kila mama alete mfuko wa mabaki, sindano na makasi. Mwenye mashini afungue mlango. Wasichana wetu waje pia, na wavulana wasikatazwe: hata wao suruali zao hutoboka magotini.