Ziwa Nyasa na Milima Yake

Sisi wa Songea tukitaka kuona Ziwa Nyasa, tunapita Mbinga, tunateremka milima mpaka Mbamba Bay. Wageni nao wanakuja huko, na Matema kule Kyela, kuogelea na kupumzika mchangani.

Ziwa hili lilitokeaje? Zamani sana ardhi ilipasuka, sehemu ya kati ikadidimia. Maji yakajaa humo, kingo zikawa milima. Ndiyo maana kina chake kinafika mita 700 hivi. Lakini huko chini kabisa hakuna hewa. Samaki wanaishi sehemu ya juu tu.

Je, milima na samaki vinahusianaje? Mvua ikinyesha kwenye mlima ulio wazi, maji yanachukua udongo mpaka mtoni. Samaki aitwaye mbasa hupanda mito, kama Ruhuhu, kutaga mayai kwenye kokoto. Tope likifunika kokoto, mayai yanakufa. Basi mvuvi anarudi mtumbwi mtupu.

Dawa yake tunayo hapa hapa mkoani. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro. Wanakata majani, wanayalaza kwa miraba, wanayafukia kwa udongo, kisha wanapanda juu ya matuta. Katikati linabaki shimo. Shimo hilo linashika maji na udongo, na majani yanaoza kuwa mbolea.

Kwa hiyo, anayelima ovyo mlimani anapoteza rutuba yake, tena anamnyima mwenzake kitoweo. Tulinde milima, ziwa litatulisha.