Fahamu Umri wa Tairi Kabla ya Kulinunua

Madereva wengi huuliza: je, tairi ambalo halijawa kipara laweza kupasuka? Naam, laweza. Mpira huzeeka kwa jua, joto na miaka, hata tairi likiwa limehifadhiwa stoo. Kabla ya kununua, hususan tairi la mtumba, tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT. Zisipokuwepo upande mmoja, tazama wa pili. Mathalani, 2319 humaanisha tairi liliundwa juma la 23 la mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na lisitumike baada ya miaka 10 tangu kuundwa. Ukiona nyufa au uvimbe ubavuni, usipakie abiria. Badilisha tairi kwanza.