Daftari la Jumamosi ya Pili

Ni daftari la shule la kawaida, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada na doa la mchuzi wa samaki mbele. Nimekaa nalo barazani leo, mwaka ukiwa ukingoni, nikilisoma tangu Januari: nauli, maji, ndizi, karanga, kiingilio, mkaa. Katika miezi mitano ya mwanzo, kando ya kila kiasi kuna jina la aliyekitoa. Kuanzia Juni majina yanakoma, imebaki jumla tu. Nimeombwa niandike jinsi nilivyoumaliza mwaka huu, nami sina pa kuanzia zaidi ya hapo, palipokoma majina.

Tulianzia msibani. Desemba ya mwaka jana tulimzika mwenzetu, mmoja wa sita tuliosoma pamoja sekondari. Baada ya maziko tulikaa mkekani, na Nesi akauliza mara ya mwisho tulikuwa wote sita mahali pamoja lini. Hakuna aliyejibu upesi. Mwalimu ndiye aliyekumbuka: ilikuwa kwenye msiba wa baba yake marehemu huyu huyu, miaka minne nyuma. Kabla ya hapo harusi. Kabla ya harusi, msiba mwingine. Sote tunaishi Dar es Salaam, na sikukuu zote tulikuwa tukitumiana salamu kwa simu. Mimi nilikuwa najua vizuri kinachomsumbua mama anayeniuzia nyanya gengeni. Sikujua kwamba rafiki yangu wa miaka 30 alikuwa anaumwa.

Hapo hapo mkekani tukakubaliana: Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na kila tukikutana pawe na jambo la kufanya. Sharti hilo la pili lilikuwa la Mama Vitenge, ambaye ana kibanda chake Kariakoo. Alisema sisi tukikaa tutazamane tutaishia kwenye ada za watoto na bei ya mafuta, lakini tukitembea maneno yatatoka yenyewe. Wenzangu nawaita hivyo, kwa kazi zao, kwa sababu ndivyo tunavyoitana: Nesi, Mwalimu wa baiolojia, Mama Vitenge, na Fundi, seremala wa Keko. Mchango ukawa shilingi 15,000 kwa mwezi, mimi nikakabidhiwa daftari. Na kama ilivyo desturi ya vikundi vyetu, kila mwezi nilisoma majina: fulani ametoa, fulani bado.

Januari tulikwenda Pugu. Kwa watu wengi wa jiji, Pugu ni mnada wa ng'ombe, au ni shule ile ambayo Nyerere alifundisha mpaka mwaka 1955, alipoacha ualimu aitumikie TANU. Wachache wanajua kwamba ng'ambo ya vilima kuna msitu, sehemu ya misitu ya pwani iliyobaki vipande vipande, na kwamba unafika huko kwa daladala mbili kupitia Gongo la Mboto. Mwalimu alibeba darubini. Alituonyesha chozi akifyonza maua, tukamsikia hondohondo kabla ya kumwona. Ilimuuma kwamba ndege wengi aliwajua kwa Kiingereza tu. Akamwita kijana aliyekuwa akipita na kuni, akamwuliza majina mmoja mmoja, akayaandika. Orodha hiyo ameiendeleza mwaka mzima na sasa anaitumia darasani. Jioni tulisubiri kwenye mahandaki ya zamani yaliyochimbwa madini ya kaolini, ambamo sasa wanaishi popo. Jua lilipozama wakaanza kutoka, kwanza wawili watatu, kisha kama moshi. Nesi alinishika mkono, na hakuwa amenishika mkono tangu tukiwa wasichana wa bweni.

Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, tulishuka Kaole, kilomita chache kusini ya mji wa Bagamoyo. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yake yana nguzo. Fundi alipitisha kiganja ukutani kama anavyopima ubao, akasema waliojenga hapa hawakuwa na haraka. Mahali hapa palikuwa bandari, lakini tope na mikoko vilijaza ufuo, majahazi yakahamia Bagamoyo, mji ukabaki na wafu wake. Nilitaka kukaa na habari hiyo, ila Mama Vitenge alikuwa ameona kitu kingine: kichaka cha komwe.

Kwa asiyeijua komwe, ni hivi. Ni mti wa miiba unaotambaa karibu na pwani, ganda lake lina miiba pia, na ndani yake mna mbegu moja au mbili za kijivu, ngumu na laini kama zimepakwa mafuta. Mbegu hizo huelea, bahari huzichukua mbali na kuzitupa ufuo mwingine. Mama Vitenge alizichezea utotoni Mkuranga. Alianza kuokota, tukamfuata, vidole vikatoka damu, na tulipohesabu zilikuwa 51. Fundi akazipima mkononi. "Hizi ndizo kete za bao," akasema. "Nitawachongea."

Siku hiyo hiyo, tukisubiri gari la kurudi, nilifungua daftari nikasoma majina. Fundi: bado.

Machi mvua zikaanza. Aprili barabara ya kwangu ilikatika kwa maji, hatukukutana, nikatuma orodha ya michango kwenye kundi letu la WhatsApp. Mei pia nikatuma. Mstari wa Fundi ulikuwa mtupu miezi minne mfululizo, naye alikuwa kimya. Tulijiambia ametingwa na kazi. Nilimpigia mara mbili, hakupokea, nikaacha. Nalisema hili kwa uchungu: tulikuwa hatujamaliza nusu mwaka tangu tumzike mmoja wetu ambaye hatukujua shida zake, na tayari tulikuwa tunampoteza mwingine kwa njia ile ile.

Jumamosi ya pili ya Juni Mama Vitenge alitangaza kwamba matembezi ya mwezi huo ni Keko, kwenye karakana ya Fundi, atake asitake. Tulimkuta anapiga randa. Alituangalia, akafuta kiti kimoja kwa shati, kisha akaingia ndani na kutoka na kitu kilichofungwa kwenye gunia. Lilikuwa bao la mninga, mashimo yake yamesuguliwa mpaka yanang'aa. Alilimaliza Machi. Lilikuwa likingoja miezi mitatu, pamoja na zile komwe 51 kwenye kopo la rangi.

Mteja mmoja mkubwa alikuwa amechukua madawati yake na hajalipa mpaka siku ile. "Jina langu limesomwa mara nne, dada," aliniambia, bila hasira. "Ningekuja na mkono mtupu kwa ajili ya lipi?"

Sikuwa na jibu. Mama Vitenge ndiye aliyekuwa nalo. Ameshika fedha za kikoba kwa miaka na amewaona wanawake wakitoweka mtaani kwa sababu ya kusomwa majina. Akamwomba Fundi atengeneze kibubu cha mbao, chenye tundu juu na kifuniko cha kupigiliwa misumari. Kila anayekuja ataingiza ngumi yake, yenye kitu au isiyo na kitu, na kitakachopatikana ndicho kitakachotuambia mwezi ujao tunaweza kwenda wapi. Fundi alikitengeneza pale pale, sisi tukiwa tumekaa juu ya mbao. Hiyo ndiyo habari ya majina kukoma kwenye daftari langu, na katika kurasa zote 96 hakuna uamuzi ninaouheshimu kuliko huo.

Kisha tukacheza. Jirani wa Fundi, mzee anayeshinda chini ya mwembe, alikubali kutufundisha. Nimekulia pwani na nimepita mbele ya mabao maisha yangu yote, lakini bao kwetu lilikuwa la wanaume barazani. Mwanamke alipita na kikapu chake. Sasa, karibu miaka 50, niliketi kwa mara ya kwanza upande wa mchezaji. Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Kila mmoja ana 32: kumi anazipanga ubaoni, sita kati ya hizo kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na 22 anabaki nazo mkononi. Kwanza mnanamua, kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, ukila ama ukitakasa. Mkono ukiisha mnaingia mtaji, na hapo ndipo mchezo unapokuwa mrefu. Mzee hakutueleza haya kwa mpangilio. Alicheza, tukakosea, akaturudishia mkono.

Kilichonishika ni hiki: katika bao hakuna kete inayotoka. Ukila kete za mwenzako, unazipanda kwenye mashimo yako, na kabla hujapumua amezila tena. Zote 64 zinabaki ubaoni mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa naziona nikifumba macho. Tangu hapo nimecheza karibu kila wiki, na Fundi, ambaye hapo awali nilizungumza naye mara mbili kwa mwaka, ndiye mtu ninayemjua vizuri kuliko wote mjini, kwa sababu huwezi kukaa saa tatu mbele ya mtu, magoti yakigusana na bao katikati, na msijuane. Kwa kuwa komwe zilipungua 13, tulijazia kokoto.

Kibubu kilipofunguliwa Julai kilikuwa na 152,000. Nauli ya kawaida ya treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni shilingi 13,000, na kwenda na kurudi kwa watu watano ni 130,000. Tukatazamana. Tuliondoka alfajiri, na kabla ya saa mbili tulikuwa Morogoro, baridi ya kipupwe ikituuma masikio na Uluguru ikiwa imesimama mbele yetu na wingu kichwani.

Tulipanda njia ya Morningside, kuelekea ile nyumba waliyoijenga Wajerumani huko juu enzi za ukoloni. Mteremko ni mkali na umelimwa karibu wote: kabichi, karoti, migomba, mashamba yamening'inia kama nguo kwenye kamba. Mama mmoja aliyetuuzia ndizi alituambia shamba lile ni la ukoo wa mama yake, kwa kuwa Waluguru hurithishana ardhi upande wa mama. Mama Vitenge alimhoji kwa muda mrefu na akaondoka amefurahi mno. Kwenye kijito Nesi alinawa uso, na Mwalimu akamwambia atazame vizuri anachonawia. Vijito vya upande ule huingia Mto Ngerengere, Ngerengere ukaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaovutwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kuleta maji Dar es Salaam. Maji ambayo Nesi huyangojea bombani usiku na ndoo zake yalikuwa yanapita kati ya vidole vyake. Alikaa pale kitambo.

Ilikuwa wakati wa kushuka, njia ikiwa nyembamba na kila mtu akitazama anapokanyaga, ndipo Fundi aliposema. Marehemu alimpigia simu Novemba, mwezi mmoja kabla ya kufa. Alitaka kitanda kipya, akasema mgongo unamuuma na hapati usingizi. Fundi akamtajia bei ya kawaida. Marehemu akasema atapiga tena.

Hakuna aliyegeuka. Baada ya hatua nyingi Nesi akasema kwamba kwake alipiga kuuliza jina la dawa. Mwalimu akasema kwake aliuliza kuhusu shule ya mtoto. Mimi aliniachia ujumbe wa salamu, nikamjibu kwa kidole gumba. Mama Vitenge hakusema kitu, alikuwa analia huku anatembea. Mezani maneno yale yasingetoka. Yalitoka mlimani, kwa sababu hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni.

Miezi iliyofuata ilikuwa myepesi. Agosti tulivunja ratiba kwa ajili ya harusi mbili. Septemba tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, shilingi 200 kwa kichwa, tukiwa na samaki tuliowanunua Feri, na doa la jaladani ni la siku ile. Kwenye vichaka nyuma ya ufuo tuliokota komwe 13 zilizobaki, na kokoto zikastaafu. Oktoba tulikaa kwa Mwalimu Mbagala tukacheza bao mpaka taa zikazimika, tukaendelea kwa mwanga wa simu.

Novemba Nesi akapata barua ya uhamisho kwenda Dodoma. Aliisoma mbele yetu, akaikunja, akasema basi. Nilijua neno lile lina maana gani kwa watu wa umri wetu: tungeahidiana kuonana, kisha zingebaki salamu za sikukuu. Fundi akamwuliza tu kama anaijua ratiba ya treni za Ijumaa.

Ukurasa wa mwisho niliouandika ni wa Jumamosi iliyopita. Kibubu kimefunguliwa, 96,500. Januari tutakwenda magofu ya Kunduchi, kuona makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Kukutana Mwenge, saa moja asubuhi. Fundi abebe bao. Nauli ya Nesi itoke kwenye kibubu. Atateremka stesheni Ijumaa usiku, Mama Vitenge ndiye atakayempokea, na atalala kwake.