Baraza la Sanaa na Uwanja wa Ngoma Usukumani

Miji mingi ya dunia ina chombo maalum cha kuzitunza sanaa zake. Mji wa San Francisco, Marekani, ulijiundia tume ya sanaa mwaka 1932. Tanzania ilifuata njia nyingine: kazi hiyo haikuachiwa mji mmoja mmoja, bali ilikabidhiwa chombo cha nchi nzima, nacho ni Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Wajibu wake ni kufufua na kukuza sanaa, kufanya utafiti, kutoa mafunzo, kuandikisha vikundi na kuishauri serikali. Mikoani na wilayani kazi hizo hupitia kwa maafisa utamaduni. Yafaa kuuliza: je, msaada wa namna hii huifikiaje ngoma ya mkulima wa Mwanza, na hukomea wapi?

Usukuma ni mahali pazuri pa kulipimia swali hili. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, vyama hivi hushindana. Kila kimoja hucheza upande wake wa uwanja, kwa wakati ule ule, na watazamaji huenda wapendako. Avutaye umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Hukumu, basi, hutolewa kwa miguu ya watu. Kwa sababu hiyo kiongozi wa ngoma, aitwaye ningi, hana budi kubuni daima: wimbo mpya, neno jipya la kumchoma mpinzani, mchezo mpya wa nyoka au wa jembe.

Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliupatia ushindani huu makao huko Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Sikukuu ya Ekaristi, iangukayo aghalabu mwezi wa Juni, ikaambatana na mashindano yaitwayo Bulabo, neno ambalo maana yake ni maua. Hapo hapo yakajengwa makumbusho ya Wasukuma, pamoja na banda la ngoma za kitemi lenye umbo la kiti cha ntemi. Padre huyo hakuwafundisha Wasukuma kucheza, wala hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Aliwapa mahali, siku na watazamaji. Mengine yalifanywa na ushindani wenyewe.

Msaada wa serikali ulianza kwa nia nyingine. Desemba 1962 iliundwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika muongo ule ule kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Ngoma ya bugobogobo, iliyotokana na kazi ya jembe Usukumani, ikachezwa na watu wa makabila mengine na kujulikana nchi nzima. Hiyo ni faida kubwa, nayo haifai kubezwa. Lakini ngoma iliyokuwa ikichezwa mchana kutwa ilifupishwa ili itoshe jukwaani mbele ya wageni, na nyimbo nyingi zikatiwa maneno ya Kiswahili. Kisukuma ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hupambanua maana ya maneno. Kiswahili sanifu hakina jambo hilo. Wimbo ukibadilishwa lugha, mapigo ya ngoma hubaki, lakini mafumbo, majina ya mahali na masimango ya kumlenga mpinzani hupotea.

Hasara ya maneno si jambo la kubuni katika sehemu hizo za ziwa. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakupata wa kuichapa. Ilimpasa kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Kitereza alikuwa na karatasi iliyoweza kungoja miaka 35. Wimbo wa ningi usioandikwa hauwezi kungoja hivyo, kwani afapo mwenyewe, huzikwa naye.

Basi msaada kwa sanaa una sehemu tatu: ruhusa, uwanja na kumbukumbu. Ruhusa hutolewa na Baraza kwa kuandikisha vikundi na kutoa vibali. Uwanja umetunzwa Bujora kwa miongo mingi. Kumbukumbu ya vitu imo katika makumbusho. Kumbukumbu ya maneno ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa utafiti ni mojawapo ya kazi ambazo sheria ya 1984 iliziagiza. Afisa utamaduni aendaye Bulabo na chombo cha kunasa sauti, akaandika nyimbo za Bagika na Bagalu kwa Kisukuma pamoja na tafsiri yake, atakuwa ameitimiza sheria hiyo. Tena atakuwa amemwachia ningi wa kesho kitu cha kushindana nacho.